Bidoni ya Lotoko Kando ya Injini

Kisangani nzima hakuna injini ya pili kama ile. Naanza na hilo ili mtu asiniambie, kama wanavyoniambia wote, kwamba motere ni motere, nunua ingine. Ingine iko wapi? Gari lenyewe lilipanda mto kutoka Kinshasa juu ya boti ya mizigo, limefunikwa turubai katikati ya magunia ya unga, na mimi nilikaa wiki nzima bandarini nikiliulizia kila asubuhi kama mtu aliyefiwa.

Ni gari la Kijerumani, jeusi, silindri nane, na juu ya injini kuna kompreseri: mtambo unaozungushwa na mkanda, unameza hewa na kuishindilia ndani kwa nguvu. Hewa nyingi, mafuta mengi, nguvu nyingi. Kiwandani lilipewa nguvu za karibu farasi mia tano, katika mji ambao watu wengi hawajawahi kumwona farasi mmoja. Na kwenye barabara zetu za mashimo, toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, zinanipita, tena mwendesha baiskeli anageuka kunipungia mkono.

Nilitaka farasi zaidi. Mke wangu aliniuliza kwa nini, akaniuliza tena, akachoka. Nilitaka tu siku moja, kwenye lami iliyonyooka ya kwenda Bangboka, uwanja wa ndege, nikanyage hadi mwisho nisikie ile kompreseri inalia kama ilivyoumbwa kulia. Mtu ana haki ya kutaka kitu kimoja.

Basi nikapanga na fundi wangu. Tungeweka puli, lile gurudumu la mkanda, ndogo zaidi ili kompreseri izunguke haraka, pampu ya pili ya mafuta ndani ya tangi, injekta kubwa na pistoni za chuma kigumu. Binamu yangu aliye Bruxelles alituma vipande kimoja kimoja ndani ya mizigo ya wasafiri, na kila kipande kilikuja na ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba. Vipande nilivihitaji. Hotuba zilinichosha roho.

"Bon, kitu moja tu," akasema katika hotuba mojawapo. "Usiweke esanse ya hivi hivi. Weka katrevendizwiti."

Yaani esanse namba tisini na nane, ile petroli safi ya Ulaya. Nilitamani kuingia ndani ya simu nimvute sikio. Esanse yetu inakuja kwa boti au kwa malori ya mashariki, inahamishwa pipa hadi pipa, mwisho inakaa ndani ya chupa juu ya meza pembeni ya barabara, inapigwa jua, na hakuna anayeweza kuapa kwamba haijakutana na mafuta ya taa njiani. Namba gani? Ile chupa yenyewe haina hata kizibo chake.

Na hapo ndipo palikuwa na hatari yote. Esanse mbovu ikishindiliwa na hewa ya moto inawaka kabla ya wakati wake. Unasikia ndani ya injini kama mtu anatingisha misumari ndani ya kopo. Ukiisikia, ondoa mguu haraka. Ukichelewa, pistoni zinayeyuka, na injini ya pili haipo.

Sasa nisikilizwe vizuri. Wazo la lotoko lilikuwa langu. Fundi wangu anadai ni lake, na tumeshagombana vya kutosha. Huko Ulaya wanauza maji yaliyochanganywa na spiriti. Kifaa kidogo kinayanyunyiza kwenye hewa inayoingia, hewa inapoa, misumari inanyamaza. Mimi nikawaza: maji na spiriti, si ndiyo lotoko, pombe kali ya kwetu? Mahindi na mihogo, inapikwa, inakusanywa tone kwa tone, inatoka safi kama maji, inawaka ukiiwashia kiberiti. Mama zetu wa mtaa wa Kabondo wanaipika kila siku, na hakuna haja ya msafiri wa Bruxelles.

Shida ni kwamba mimi ni Mwislamu, wa zile familia ambazo babu zao walifika hapa na misafara ya biashara, na msikitini jina la baba yangu linajulikana. Nikapita Kabondo mchana kweupe juu ya pikipiki, bidoni ya lotoko, dumu kubwa la njano, imefungwa nyuma, inanuka mtaa mzima. Kabla sijafika nyumbani habari ilikuwa imeshafika. Baada ya swala mzee mmoja alinishika mkono akaniambia kwa huruma kwamba mlango wa toba uko wazi. Nikamweleza habari ya kompreseri. Alinitazama kama unavyomtazama mlevi anayejieleza.

Habari ilimfika pia mama mkwe wangu, anayekaa hukohuko Kabondo. Yeye ni Mkatoliki, mtu wa mto, kwao Isangi. Tangu nimwoe binti yake, nikienda kumsalimia anaweka mezani vinywaji alivyopika na kukamua mwenyewe, na mimi naomba sukre, soda ya chupa, na yeye anatuma mtu dukani. Miaka yote hiyo. Nilijiona nina adabu.

Tulifunga vipande vyote pamoja na kile kifaa cha kunyunyiza, tukajaribu mara ya kwanza asubuhi, barabara ikiwa tupu. Fundi alikaa pembeni yangu akiomba kwa sauti, maana ni mtu wa kanisa la maombi, aliacha pombe siku aliyookoka. Nikakanyaga. Kompreseri ikalia, mgongo ukabandikwa kwenye kiti, na ndani ya injini hakuna msumari hata mmoja. Nilifurahi, nasema wazi, nilifurahi hadi machozi. Mwislamu na mlokole, tumekaa juu ya lotoko, tunacheka kama wendawazimu.

Lakini fundi alisema inaweza zaidi. Puli ndogo kuliko ile ilikuwa njiani. Ikifika tungejaribu mara moja ya mwisho, kisha ningefunga boneti na kumwacha mke wangu apumzike. Bidoni ilibaki karakanani, uani kwangu, pembeni ya injini.

Tukiwa tunasubiri puli, kaka mkubwa wa mama mkwe alifariki. Matanga yakawekwa kwenye parsele ya mama, uwanja wa nyumba yake, huko Kabondo, ndugu wakaja kwa mitumbwi kutoka Isangi, watu wakalala uani siku baada ya siku. Nilibeba viti, nilitafuta turubai, nilifanya ya mkwe. Puli ikafika matanga yakiisha. Nikasubiri watu watawanyike, maana aibu ninayo, kisha tukaifunga.

Asubuhi ya jaribio mimi mwenyewe niliweka mpira kutoka kwenye bidoni hadi kwenye tangi la kunyunyizia. Bidoni ilikuwa imejaa hadi shingoni, mdomo umezibwa kwa jani la ndizi. Nilifikiri mke wangu ameziba ili harufu isiingie ndani. Harufu niliisikia, ndiyo, ila kwangu mimi ambaye sijawahi kunywa, pombe zote zinanuka pombe. Fundi naye aligeuza uso ili asijaribiwe.

Tukafika kwenye lami. Nikakanyaga. Kompreseri ikapiga kelele ambayo sitaisahau, tamu, kisha misumari ikaanza. Niliondoa mguu. Nilichelewa. Kishindo, moshi wa bluu, na gari likajiendea lenyewe kimya hadi pembeni ya barabara, kwenye majani. Toleka mbili zikasimama kututazama.

Tulipolivuta gari hadi nyumbani na kufungua injini, pistoni mbili zilikuwa zimetoboka, na ukuta wa silindri umechanika. Fundi akachomoa kile kifaa cha kunyunyiza, akakitazama, akanipa. Kitundu chake kilikuwa kimezibwa na kitu cheupe, laini, kama maziwa yaliyoganda.

Nilienda nacho hadi jikoni kwa mke wangu. Akanusa.

"Hii iko masanga ya mbila," akasema. Pombe ya mchikichi. Kisha nikaona anafunika mdomo kwa mkono. "Mama alikuja kukamata ile bidoni siku ya matanga. Vinywaji vilikuwa vimeisha. Nilijua ataileta."

Na ameileta. Mama mkwe wangu hawezi kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu. Ukimpelekea sahani ya wali, sahani inarudi na samaki. Ukimwazima kikapu, kinarudi na pondu, majani ya muhogo. Bidoni yangu ilitoka na lotoko, ikarudi na pombe bora ya mchikichi iliyoletwa na ndugu zake kutoka Isangi.

Damu ilinichemka. Mke wangu alinishika shati: mama amefiwa juzi tu, nisiende. Nilienda. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na hayakuwa maneno ya kumwambia mama mkwe.

Nilimkuta uani, peke yake, kitambaa cheusi kichwani. Kabla sijakaa vizuri akaanza yeye.

"Bokilo," akaniita, mkwe, "ulifurahia ile kinywaji?"

Nikavuta kiti karibu.

"Juu miaka yote unakujaka hapa," akasema, "Waislamu wengine wanakunywaka, wewe unakataa kila kitu ya mukono yangu. Nilisema, huyu mutoto anatuona sisi si watu. Nilipoona ile bidoni kwako, nilimushukuru Mungu. Nikasema, kumbe anakunywaka. Basi nikakutafutia ile ya muzuri."

Niliyaacha maneno yote niliyoyapanga. Nikamwambia tu ukweli, polepole, macho chini. Kwamba sinywi, sijawahi. Kwamba lotoko ilikuwa ya injini, kupoza hewa. Kwamba injini imekufa na nyingine sina.

"Donc motere njo ilikunywa?"

"Ndiyo, mama."

"Ikakufa?"

"Ikakufa."

"Basi," akasema, "ile motere nayo ilikuwa Muislamu."

Akaanza kucheka. Alicheka hadi kitambaa kikadondoka, akacheka akilia, mwanamke ambaye tangu mazishi hakuwa ametabasamu. Na mimi nimekaa pale na injini yangu iliyotoboka, hasira bado ziko shingoni, na sikuweza hata kumkasirikia.

Akajifuta uso. Akanitazama kama mtu anayeniona leo kwa mara ya kwanza.

"Sasa nielezee, mutoto yangu. Wewe unakunywaka nini?"

Hakuwahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kumwambia. Nilikuwa naomba sukre tu, nakaa kidogo, naaga.

"Chai," nikasema. "Ya tangawizi."

Akainuka, akaenda kupuliza moto. Alikaa huko sana. Chai ilikuja ndani ya kikombe kikubwa cha bati, moto mkali, sukari nyingi kupita kiasi. Nilikunywa chote, nikamrudishia kikombe nikamwomba aongeze.