Salamu za Deodatha

Polikarpi Byabato, mpiga picha za harusi pale Kihanga, aliijua vizuri sauti ile. Tik, tik, kisha kimya. Mteja akimletea kompyuta yenye diski inayogonga hivyo, humkemea: "Zima sasa hivi. Kila ukiiwasha unaimaliza." Lakini mganga hajigangi. Safari hii kompyuta ilikuwa yake, sebuleni kwake, siku ya pili ya msiba wa mkewe.

Ndani ya diski mlikuwa na video ya sherehe ya kumuaga binti yao. Katikati, mkewe Deodatha anaigeukia kamera, jasho linamtoka, anamsalimu mama yake mzazi, Therese, ambaye mguu mbovu ulimzuia kutoka Kimuli. Dakika mbili nzima. Polikarpi angezipeleka salamu hizo wiki ileile, ila alitaka kwanza kuzipamba kwa maua na wimbo. Miezi mitano ikapita akipamba harusi za wengine. Homa haikusubiri maua.

Msibani majirani waliomba kumwona marehemu akicheka. Akawasha. Wakaja watu wa kijiji cha Mabira, akawasha tena. Wakaja wanakwaya. Mtu aliyetembea tangu alfajiri kuja kukupa pole humwambii amechelewa, ndivyo watu wanavyolelewa huku, na Polikarpi hakuwa na ubavu wa kumnyima mfiwa mwenzake. Tuseme kweli, hata yeye alitaka kumwona. Kila mara alijiambia, wakiondoka hawa, nanakili.

Siku ya nne asubuhi ndipo alipochomeka flashi. Kwa haraka akachagua vyote kwa pamoja, na kompyuta ikaanza na kazi za wateja. Harusi kumi na mbili zikapita bila taabu. Ilipofika zamu ya Deodatha diski iligonga mara tatu, ikanyamaza. Alizima, akaiacha ipoe, akawasha. Diski haikuonekana tena.

Mchana bodaboda ikamshusha Therese mlangoni, mguu umefungwa kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njiani nimeambiwa binti yangu kaniachia salamu. Nionyeshe."

Polikarpi alipiga magoti, akamweleza yote. Hakujitetea.

Therese aliigeukia kompyuta. "Watu wote wamemsikia?"

"Wote, mama."

"Hata wa Mabira?"

"Hata wao."

Mama hakulia, na hilo lilimchoma Polikarpi kuliko matusi. "Basi niambie wewe," alisema. "Alisemaje?"

Alikuwa ameitazama mara nyingi mno, alijua hata ni wapi Deodatha anafuta jasho. Akaanza: "Mama, shikamoo. Mguu unaendeleaje?"

Therese akafumba macho. "Marahaba, Deodatha. Bado unauma." Kisha akangoja binti yake aendelee.