Miza Sultani: Sikio la Mnarani Lililokiri Kosa Lake

BUJUMBURA, 2002. Saa mbili kasoro robo asubuhi, Miza Sultani amekwisha kuvaa vipokea sauti, penseli iko mkononi. Kusini, wingu zito limelala juu ya ziwa, na ndani ya wingu hilo kuna ndege ya mizigo iliyobeba unga na mablanketi. Miza haioni. Mnara huu wa kuongozea ndege hauna rada. Alichonacho ni sauti ya rubani, nayo inakuja ikikwaruza.

Anampa kibali ashuke hadi futi elfu kumi na tatu, asipite hapo. Rubani anarudia haraka haraka, nusu ya maneno yanamezwa na mikwaruzo. Miza hamwachii. Anamtaka arudie, tarakimu moja moja. Rubani anatii kwa sauti ya mtu aliyechoshwa, na ndipo Miza anapoandika.

"Wanasemaka niko musumbufu," anasema baadaye, akimimina chai. "Haina neno. Afazali wanichukie wakiwa wazima."

Ana miaka thelathini na tisa, na ni mmoja wa waongoza ndege sita waliobaki kati ya kumi na mmoja waliokuwapo vita vilipoanza. Wanne wamekimbilia nje. Mmoja aliuawa njiani akirudi nyumbani.

Baba yake, mfanyabiashara wa vitambaa mtaa wa Jabe, ambaye ukoo wake ulitoka Omani, alitaka binti yake arithi duka. Miza akafanya mtihani wa uongozaji ndege bila kumwambia. Mzee hakusema naye mwezi mzima.

Kazi aliipenda na aliiweza. Kisha ikaja asubuhi ile ya Machi, mwaka 2000.

Risasi zilikuwa zimelia mtaa wa Kinama hadi alfajiri. Mwenzake wa zamu, Anselme, anayeishi huko, alikuta barabara imefungwa. Miza, ambaye naye hakupata usingizi nyumbani kwake Ngagara, akakaa peke yake mbele ya redio.

Ndege ndogo ilikuwa imeruka na wagonjwa wanne na muuguzi wao, Léocadie. Rubani wake, Gaspard, alipewa kibali apande juu ya ziwa hadi futi elfu kumi na moja. Ndege ya mizigo ikatokea kusini, njia ile ile, ikishuka. Miza akaiambia iishie elfu kumi na tatu.

Rubani wa mizigo akajibu: elfu kumi na moja.

Miza akamwambia ni sawa.

"Mi nilisikia kumi na tatu," anasema. "Ni hiyo nilikuwa nangojea, basi ni hiyo nilisikia."

Ndege zote mbili zilikuwa ndani ya wingu. Aliyeshtuka ni Gaspard, aliyekuwa akisikiliza redio hiyo hiyo. Akaingilia kati: "Miza, kumi na moja ni yangu."

Miza akamwamuru rubani wa mizigo asimamishe kushuka na apande mara moja, na Gaspard abaki alipo. Zikapishana bila kuonana. Kwa hesabu ya marubani wenyewe, kati yao palikuwa na futi mia sita.

Mkuu wa zamu alipofika aliandika kwenye kitabu cha matukio kwamba rubani wa mizigo alikosea namba. Hakuandika uongo, na mashine ya kunasa sauti ilikuwa mbovu tangu Krismasi. Miza angeweza kukaa kimya, na jambo lingekwisha hapo. Akaomba kitabu hicho, akaongeza mstari wake chini: rubani alikosea, mimi sikumsikiliza.

Waliochukia ni wenzake, waliohofu kwamba nao wataanza kuchunguzwa. Aliondolewa kwenye redio kwa miezi minne, akawa mbebaji wa karatasi za hali ya hewa. Baba yake akamtumia ujumbe kwamba duka bado lina nafasi. Hakwenda.

Alikokwenda ni hospitalini, kumtafuta Léocadie. Muuguzi huyo, aliyekimbia vita vya Kongo na wanawe wawili, hakuwa na habari yoyote ya tukio lile. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Ungenyamaza, mi singejua kitu," alimwambia. "Sasa nitaogopa kila mara. Lakini nikipanda tena, napenda iwe ni we uko ku radio."

Miza anasema alilia njia nzima ya kurudi.

Alirudishwa kwenye redio kwa sababu watu walikuwa wachache, na tangu siku hiyo haandiki namba kabla ya kuisikia ikirudiwa yote. Mchana ndege zinapopungua, Anselme humsomea vibali, namba moja akiipotosha kwa makusudi, naye huikamata. Siku nyingine haikamati, na hukiri.

Sasa ana mpango. Anataka marubani na waongoza ndege wakae chumba kimoja, wasikilizane uso kwa uso. Barua mbili alizowaandikia wakubwa wake hazikujibiwa. Ya tatu imempatia ukumbi kwa siku moja, mwezi Oktoba. Gaspard ameahidi kuja, pamoja na marubani saba wa mizigo, wakiwamo wawili wanaomlalamikia kila wiki.

Alipoulizwa ataanza na nini, Miza hakufikiri sana.

"Nitaanza na kosa yangu," anasema. "Nikianza na yao, watafunga masikio."