Moshi wa Mvuje

Mtoto wangu wa kwanza alisumbuliwa na gesi, na kilio chake kilijulikana ploti nzima hapa Makongeni. Jirani yangu, mama aliyeolewa huku kutoka Mombasa, akaniletea mvuje. Ni utomvu mkavu wa mmea, na unanuka kama vitunguu vilivyooza. Kwao huutia kwenye mchuzi wa dengu, na mtoto akiumwa na tumbo humpaka kitovuni. Alimpaka, kisha kipande kilichobaki akakivika kitambaa cheusi na kumfunga mkononi, kama wafanyavyo kwao. Sikumkatalia. Usingizi ulikuwa umenihama. Angesema tumfunge kijiko, ningetafuta kamba.

Jumamosi wamama wa kanisa la mama mkwe wakaja kuona mtoto. Yeye alikuwa ametangulia kutoka Ngoliba na kuku na ndizi, akapika tangu asubuhi. Alikuwa amewasifia sana mke wa mwanawe, na sasa walikuja kujionea.

Mwenyekiti wao alimpokea mtoto, akakunja pua. Nadhani alishuku nepi. Kisha akaona kitambaa.

"Mama, hii umefunga mtoto ni nini?"

"Ni dawa ya tumbo."

"Tumbo iko kwa mkono?"

Mama mkwe aliinamia sufuria ya chai kana kwamba kuna kitu kimezama humo. Masikio yalinichoma kwa aibu, yangu na yake.

Mwenyekiti alikata kitambaa kwa kisu cha mkate, akakitupa kwenye jiko la makaa, maana vitu vya giza huchomwa. Wakasimama kuomba. Moshi ukajaa nyumba, nao wakakemea shetani huku wakikohoa, macho yakiwatoka machozi. Nilitamani ardhi inimeze.

Harufu ilimfikia jirani. Akabisha hodi, akaingia akitabasamu.

"Mwamfukizia mtoto? Mwafanya vyema. Hata kwetu huuchoma hivi hivi, nyumba ikajaa moshi. Nani kawafunza?"

Mwenyekiti bado alikuwa ameshika kisu. Jirani akakiona, akatazama jikoni, akaona fundo lililokatwa likiungua. Tabasamu likamtoka.

"Haya. Nawaacha na wageni wenu," akasema, akatoka. Nami nilibaki nimesimama na birika, sikumwambia hata karibu chai.

Wageni walipoondoka mtoto alianza kulia tena. Mama mkwe alimbeba, akambembeleza, akashindwa.

"Ile kitu iko ingine?" akaniuliza bila kunitazama.

"Hakuna, mum."

"Basi enda umuombe."

Nilienda nikiburuta miguu. Jirani alifungua mlango, akanisikiliza nikikohoa na kubabaika, akarudi ndani. Nilikuwa bado natafuta neno la kuanzia aliponiwekea kipande kiganjani.

"Mpake tu," akasema. "Kitambaa sikuwekei."