Jiwe la Kusagia la Mungaa

Mama aliniagiza picha moja tu. Presha ya macho imeshamaliza jicho lake la kushoto, na la kulia daktari alisema halitafika mbali, tena alisema mbele yake mwenyewe, kavukavu. Tulipokuwa tunarudi nyumbani, hapa Dodoma, Mama akanishika mkono. "Wewe si mpiga picha? Nenda kwetu Mungaa kanipigie jiwe letu jua likizama, likiwa jekundu lote. Na kishimo changu kionekane. Nikishaliona, haya macho yazime tu."

Kishimo hicho kilichimbika kwa kusaga. Bibi yake alisagia uwele pale, mama yake akasagia, na yeye akasagia mpaka siku alipoolewa.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwenye basi, kamera mapajani. Miaka yote napiga maharusi na picha za pasipoti, watu wamenuna kama wamefiwa, nikajiambia leo angalau nina kazi ya maana. Tulipoipita Manyoni mawe yakaanza kujitokeza, na kadiri tulivyosogea Singida yakazidi: makubwa kuliko nyumba, mengine yamebebana hujui ni nani aliyeyapanga. Nilikodoa macho dirishani njia nzima.

Ikungi nilishuka kabla ya saa sita. Nikanunua sukari na majani ya chai, maana kwa mama mdogo huendi mikono mitupu, kisha nikatafuta bodaboda. Mwenye pikipiki aliniuliza nafuata nini Mungaa na likamera lote hilo.

"Jiwe," nikamwambia.

"Jiwe!" Alicheka mpaka pikipiki ikayumba. "Kaka, si umeyapita kibao huko ulikotoka?"

Nilikasirika. Vumbi lilinijaa mpaka masikioni.

Mungaa tuliingia saa nane. Mama mdogo Sesilia, mdogo wake Mama, alikuwa anapepeta mtama uani.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Dada yangu anaendeleaje?"

"Haoni, mama mdogo. Limebaki jicho moja, nalo linachungulia tu."

Alilia kidogo, akajifuta kwa khanga, akanisongea ugali wa uwele kwa mlenda. Nilipomaliza kula nikamweleza nilichotumwa, nikaomba anipeleke kwenye jiwe mapema, nichague pa kusimama kabla jua halijashuka. Akawa ananawa mikono, ananawa tu, hamalizi.

"Baba," akasema mwishowe, "twende ukaone mwenyewe."

Nyuma ya nyumba yake, palipokuwa na lile jiwe pana kama uwanja wa harusi, palikuwa na shimo na ukingo mweusi wa masizi. Niliyajua masizi yale. Kwetu jiwe likishindikana kwa nyundo hulundikiwa magogo juu yake, yakawaka kutwa nzima, likishapata moto linamwagiwa maji, nalo linapasuka lenyewe. Halafu linagongwa mpaka linakuwa kokoto.

"Nani kafanya huu upuuzi?" nilifoka. Ndiyo, nilimfokea mama yangu mdogo, Mungu ananiona.

"Usinipigie kelele." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Si nilikupigia simu tulipokuwa tunaanza msingi wa nyumba ya mama yako? Nikakwambia mawe yamepungua, mafundi wanalitaka hili. Nikakuuliza mara mbili, hata la kusagia? Ukanijibu, mama mdogo, jiwe ni jiwe, pasueni."

Nikakumbuka. Nilikuwa harusini, muziki juu, simu nimeibana kwa bega, natafuta pembe nzuri ya kumpiga bwana harusi. Jiwe ni jiwe. Nilisema kweli, kwa mdomo huu.

Na nyumba yenyewe ilikuwa pale pale mbele yetu, imeishia kwenye lenta. Macho ya Mama yalipoanza kuugua tuliacha ujenzi. Haina paa, haina mlango, na chini yake kuna jiwe la Mama. Nilikaa juu ya tofali.

Saa kumi na mbili jioni mawe yote ya Mungaa yaliwaka rangi ya kaa la moto, vilevile Mama alivyosema. Yote, isipokuwa letu.

"Piga lile la kwa jirani," mama mdogo akasema. "Nalo lina kishimo. Kwa jicho lile hatalijua."

"Siwezi."

"Haya, utampelekea nini? Shimo?"

Jua lilikuwa limebakiza kidole. Nikakimbia, nikapiga magoti, nikapiga picha ya jiwe la watu. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na kila nikiitazama natamani kuvunja kamera.

Kesho yake jioni nilikuwa nimesharudi Dodoma, nimeisafishisha kubwa kama kalenda. Nilichojifunza njiani ni kidogo na hakinisaidii: mtu akikuuliza mara mbili jambo dogo, acha unachofanya umsikilize.

Mama aliivuta picha mpaka ikagusa pua. Akaikagua kipande kwa kipande, na alipokifikia kishimo akaanza kucheka na kulia pamoja.

"Ndicho," akasema. "Kile kile. Mwanangu, sasa nisikilize. Haya macho yakizima kabisa, utanipeleka Mungaa. Nataka nikitie mkono. Ule mkunjo ulioachwa humo na kidole gumba cha bibi bado mkono wangu unaujua."

Nikasema, "Sawa, Mama."