Samaki Sita wa Mama na Maji ya Kunawia

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, usije ukausikia kwa mtu mwingine: samaki wa mama niliwatia ndani ya maji ya kunawia mikono. Maji yenye dawa. Mchana kweupe, bila kulazimishwa na mtu, tena nikijisifu kwamba nina akili.

Juzi nilifika nyumbani Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, kwa likizo. Begi bado liko mgongoni, nikasikia vifaranga wanalia ndani ya saluni ya mama. Nikachungulia. Wamo ndani ya lile tangi la kioo la samaki, wanakanyagana juu ya maranda ya mbao, balbu inawaka juu yao. Kona moja ya kioo bado ina ule ufa mdogo uliozibwa kwa gundi nyeusi. Nilisimama pale, rafiki yangu, harufu ya mafuta ya nywele na ya kuku ikinipanda puani, nikaikumbuka siku ile.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Ebola ilikuwa ng'ambo, upande wa Kongo, na Bwera nzima ilikuwa imegeuka mji wa kunawa. Kila mlango ulikuwa na pipa lenye bomba na beseni chini yake: dukani, kanisani, msikitini, hata kwa wabadilisha pesa. Watu walisalimiana kwa viwiko kama jogoo wanaotafuta ugomvi. Mama alikuwa mkali kuliko askari wa mpakani. Bibi harusi, mchungaji, mwalimu wangu wa hesabu, wote walipokelewa na sentensi moja tu mlangoni: "Nawa mikono kwanza." Dawa ile ilikaa vidoleni hata chapati ya asubuhi ikawa na ladha ya hospitali.

Tangi lilitoka Kasese. Mama aliliona siku ya harusi yake, kwenye hoteli walikopigwa picha. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye, na yeye akawa anatazama samaki. Tangu hapo akawa analitaja mara kwa mara, jinsi mtu anavyolitaja shamba la babu yake lililouzwa. Kisha hoteli ikapata mwenyewe mpya, vyombo vya zamani vikatolewa nje, na jirani yetu mwenye pikapu akaleta habari kwamba tangi linauzwa pamoja na samaki wake. Mama alifunga saluni siku ya Jumamosi. Siku ya Jumamosi! Hata msiba haukuwahi kumfanya hivyo. Tukapanda pikapu ya jirani kwenda Kasese.

Mlinzi wa samaki wale alikuwa mzee wa bustani ya hoteli, mwanajeshi mstaafu, na aliwalinda kama ghala la risasi. Kwanza aliliweka tangi juani, akalijaza maji tupu, akapitisha kidole kwenye kila kona kutafuta unyevu. Akatuonyesha ule ufa wenye gundi. Alikuwa ameutibu yeye mwenyewe, na haukuwahi kuvuja tena. Ndipo akawatoa samaki kwenye karai alikokuwa amewaweka, akawatia ndani ya ndoo pamoja na maji yao ya zamani ya kijani, akanigeukia mimi.

"Kijana, sikia! Samaki hapana penda haraka. Sabuni, hapana! Maji mupya inalala siku mbili, wazi. Halafu unawapa na kikombe, kidogo kidogo, mpaka wanazoea. Umesikia?"

"Ndiyo, afande. Na blanketi tuwape?"

Mama alinifinya sikio. Mzee hakucheka. Alisema polepole, "Wewe utawaua."

Njiani ndoo ilikaa katikati ya magoti yangu. Jirani aliendesha kama amebeba mayai. Kwenye mbuga nyani walikaa kando ya barabara wakatutazama tunavyowapita kwa mwendo wa kobe. Nikaanza kuwapa samaki majina. Sisi Wakonzo hatusumbuki kutafuta jina: mwana wa kiume wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, na foleni inaendelea. Nikawapanga hivyo hivyo, Baluku mpaka Mbusa, sita kamili, wekundu kama nyanya za Bwesumbu. Yule mwenye mkia uliochanika akawa Bwambale, kwa sababu hilo ni jina langu pia, na mimi nina bahati mbaya ya kuchanika nguo. Mama alicheka mpaka akashika dirisha. Sikumbuki kumsikia akicheka vile kabla ya siku ile.

Jumapili mama alijaza jerikani mbili za maji, akaziacha wazi zilale. Jumatatu asubuhi aliitwa Mpondwe kumsuka bibi harusi. Shule yetu ilikuwa imefunga, kwa hiyo nikaachwa mimi. Alisimama mlangoni na mkoba wake wa vitana, akasema, "Usiwaguse. Maji yangu bado hayajalala."

Saa nane mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Nikafunua ndoo. Samaki wote sita walikuwa juu, midomo nje, wanapumua hewa yetu. Nakuapia, mzaha ulinitoka. Niliona wanakufa, na mama atarudi kukuta ndoo ya maiti. Jerikani zilikuwa zimelala usiku mmoja tu. Lakini pipa la mlangoni je? Lilijazwa Ijumaa! Limelala siku tatu, limezidi hata amri ya afande. Tena lina dawa. Kama dawa inaua vidudu, si samaki watakuwa wazima mpaka nimalize chuo kikuu?

Nikalimwaga pipa lote ndani ya tangi. Kikombe nikakisahau kabisa. Nikawachota samaki kwa jagi la kuoshea wateja nywele, nikawamwaga mmoja baada ya mwingine.

Kwa kufumba na kufumbua Baluku alipiga kioo kwa kichwa. Masereka aliruka hadi akagusa ukingo. Wakawa wanazunguka kama wamewashiwa moto chini, na mimi nimesimama na jagi mkononi, najiambia wanafurahi nyumba mpya.

Ndipo akaja mama wa kambale. Alikuwa Mkongomani, muuza samaki hai, anavuka mpaka kila siku na beseni kichwani, na kituo chake cha kwanza kilikuwa pipa letu, maana alimwogopa mama kama wengine. Akafungua bomba. Kimya. Akachungulia ndani.

"Maji ya kunawa iko wapi?"

Nikaonyesha tangi kwa mdomo.

"Weye mutoto! Ile maji ya dawa njo umetia samaki? Beko nakufa! Towa bote, mbio!"

Hakusubiri. Alishusha beseni, akawashika kambale wake mmoja mmoja akawatupa sakafuni, kambale weusi wenye sharubu wakawa wanateleza chini ya viti vya saluni. Beseni likabaki na maji tu. Mimi nawavua samaki kwa viganja na kuwatia humo, dawa inaniwasha kwenye kidole nilichojikata asubuhi, yeye anahesabu kwa sauti. Sita. Akaniambia nikalete maji ya mvua nyuma ya jiko, na kikombe.

Alinionyesha mara moja tu. Unachota maji ndani ya beseni, unainua juu, unayaacha yaanguke, yaingie na hewa. Na kila baada ya muda unaongeza kikombe kimoja cha maji ya mvua, kimoja tu.

"Usisimame. Mukono ikichoka, badilisha mukono."

Kisha akawakusanya kambale wake ndani ya sinki la nywele, akakaa mlangoni kuwauza hapo hapo. Mteja aliyekuja kusukwa alirudi alikotoka.

Nikachota, nikainua, nikamwaga. Bega likaanza kuungua. Samaki walikuwa wamelala ubavu, wote, matamvua yanapanda na kushuka. Baluku akasimama. Baadaye Thembo, wa tano kwenye foleni. Kila mmoja aliyesimama nilikuwa nataka kupiga kelele, lakini niliogopa kukosa kikombe kimoja. Bwambale, mwenye mkia uliochanika, hakusimama. Nilimsukuma kwa kidole. Nikamsukuma tena. Nikamtoa, nikamtia kwenye mfuko wa kaptula, nikaendelea kumwaga, maji ya beseni na ya macho yakichanganyika. Ya macho nadhani yana chumvi, sijui kama yaliwadhuru.

Jua lilikuwa limeegemea milimani mama aliporudi. Kwa mazoea alifungua bomba kwa kiwiko. Kimya. Akaangalia pipa, akaangalia tangi, akaangalia kambale wawili waliobaki kwenye sinki lake. Mama wa kambale akasimama kumpisha mlangoni. Mimi sikusimamisha mkono.

Wale watano waliishi, na waliwaona mabibi harusi wengi wa Bwera kabla hawajaondoka mmoja mmoja, kwa uzee wa samaki. Pipa sasa linahifadhi mkaa. Mama wa kambale hatumwoni tena. Wengine wanasema aliolewa Butembo, wengine wanasema hapana. Mzee wa hoteli alihamia Karusandara kulima, na hakuna aliyethubutu kumpelekea habari. Hata mimi siku hizi nanawa pale tu ninapotaka kula, na chapati imerudi kuwa chapati. Lakini nilipowaona vifaranga mle ndani, bega la kulia liliniuma, nakuambia kweli.

Jioni ile mama aliweka mkoba chini. Akachuchumaa kando yangu, akanitoa kikombe mkononi, akachota, akainua juu, akaacha maji yaanguke. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Ilipofika tano ikasimama, macho yakahamia kwenye kaptula yangu, pale mfukoni palipolowa. Akachota tena. Bila kuinua uso akasema:

"Bwambale wa mfukoni kamzike nyuma ya jiko. Bwambale wangu, jaza pipa, nawa mikono kwanza, halafu uje unipokee kikombe."