Wimbo wa Rhona Uliolala Darini

Ni saa tatu asubuhi. Mvua nyembamba inashuka juu ya mji wa Dundee, Uskoti, kama haina haraka na mtu, na Netta Gourlay ametoka tu kuwavusha watoto wa shule barabarani. Koti lake la njano linachuruzika maji nyuma ya mlango. Fimbo yake ya kusimamishia magari ameiegemeza kwenye friji.

Juu ya meza ya jikoni, mahali pa sahani, ipo kompyuta ndogo nyeusi iliyofunguliwa, matumbo nje. Netta ameiinamia na brashi laini ya kupakia rangi, anaifuta vumbi kama mtu anayemfuta mtoto usingizi machoni.

"Taratibu, mama," anaiambia. "Umelala sana."

Si hiyo peke yake. Ngazi ya nyumba hii haipandiki siku hizi bila kuomba radhi. Kila kidato kina kompyuta yake: yenye vitufe vya mpira, yenye rangi ya chai ya maziwa, nyingine nene kama mkate. Ni zile za zamani, za kuchomeka kwenye televisheni ya sebuleni, zilizokuwa zikisoma programu zake kutoka kwenye kaseti ya kawaida, kaseti ileile ya muziki.

Zilikuwa mali ya mumewe, Dod, dereva wa basi. Watu walipoanza kununua mashine mpya na kuzitupa hizi, yeye alizikusanya kwenye minada ya kanisa na kando ya mapipa ya taka. "Wenzangu waume zao walikuwa wanaleta paka waliopotea," anasema Netta. "Wangu analeta kompyuta. Afadhali paka, angekamata panya."

Mwishowe zilipandishwa darini, zimeviringishwa magazeti na mablanketi ya mtoto, zikakaa huko zaidi ya miaka ishirini. Dod amefariki, huu ni msimu wa baridi wa nne. Netta hakupandisha mguu huko juu mpaka mwaka jana, mwanawe wa pekee, Rhona, alipokuja kumwambia kwamba anaolewa mwezi wa sita.

Hakuomba gauni wala keki. Aliomba wimbo.

Rhona alipokuwa mchanga, alikuwa mtoto wa kulia. Dod akirudi kutoka zamu ya basi alikaa mbele ya televisheni, akaitungia kompyuta wimbo mdogo wa milio, tiii-ti-tii, na mtoto akanyamaza. Hauna maneno. Haukuandikwa popote. Upo ndani ya kaseti moja tu.

"Nakumbuka mwanga wa bluu ukutani, na mkono wa baba mgongoni," anasema Rhona, ambaye sasa ni fundi bomba, mwenye mikono mipana kama ya babaye. "Nakumbuka kwamba nilikuwa naupenda. Wimbo wenyewe, sina hata kipande. Nataka niingie ukumbini na ule."

Netta naye hujaribu kuuimba. Jumatatu unatoka hivi, Alhamisi unatoka vingine. Siku moja aliuimba mpaka mwisho kwa uhakika kabisa, kumbe ni wa tangazo la biskuti.

Hivyo akaanza kazi. Si mgeni wa mashine hizi. Alipokuwa msichana aliajiriwa na kiwanda kilichoziunda, hapahapa mjini, kwenye mstari wa wanawake waliokaa bega kwa bega wakilehemu vyuma vidogo kwenye vibao vya kijani vya kompyuta. Jirani yake kwenye benchi alikuwa Senga Petrie, na mpaka leo Senga anakaa mtaa wa pili, na mpaka leo hawezi kuingia bila neno.

Mashine ya kwanza Netta aliichomeka moja kwa moja kwenye umeme. Ilitoa moshi mweupe na harufu ya samaki. Senga ndiyo kwanza alikuwa anafika na mkoba wa pai za moto.

"Ungeniambia unapika samaki, mwenzangu, nisingehangaika na pai."

"Nyamaza, Senga. Imekufa."

"Haijakufa. Umemwamsha bibi kizee kwa ndoo ya maji, ulitaka akuchekee? Vile vipipa vyake vya kutunzia umeme vimekauka. Ving'oe, weka vipya, ndipo umpe chai."

Tangu hapo hakuna mashine inayoona umeme kabla haijabadilishwa vipipa hivyo, yaani kapasita, na kusafishwa kila mguu wake wa chuma. Netta hununua vipya vya peni chache chache kutokana na mshahara wa kuvusha watoto. Anafanya kazi kati ya zamu ya asubuhi na ya alasiri, dirishani, penye mwanga. Anasema mikono ilikumbuka kabla yake: alishika chuma cha kulehemu, akasikia harufu ile ya risasi iliyoyeyuka na utomvu, na ghafla alikuwa na miaka kumi na tisa, redio ya kiwandani inaimba, na Senga anamsimulia umbea.

"Kuna saa nainua kichwa," anasema, "nashangaa mbona ni jikoni kwangu."

Moja baada ya nyingine zinaamka. Kila inapowaka, mraba wa kijivu hutokea kwenye televisheni, mtulivu kama ukungu juu ya mto Tay, na kidude kidogo cheusi kinapepesa kikingoja kuambiwa neno. Netta huwa haiambii kitu. Huitazama tu, chai inapoa.

Mwisho alitengeneza kinasa kaseti cha Dod. Hicho alikifanyia kazi kwa mapenzi kuliko vyote. Alikifuta kwa spiriti, akakivalisha mkanda mpya wa mpira. Akaona kile kichwa cha chuma kinachosoma kaseti kimekaa upande, skrubu yake imelegea. Akakinyoosha kwa bisibisi mpaka kikakaa sawasawa, kama alivyofundishwa kiwandani. Akakiweka juu ya kitambaa cheupe, akapiga picha.

Kilichobaki ni kaseti. Na kaseti ilikuwa mbaya. Utepe wake unamwaga unga wa kahawia kila unapozunguka. Kila ukichezwa unabaki na sauti kidogo kuliko jana. Senga aliutazama kwenye mwanga, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Hii itakuvumilia mara mbili, tatu. Basi."

Jumamosi wanakaa wote watatu sebuleni. Rhona amekaa sakafuni, kama zamani. Netta anabonyeza. Kwanza inatoka sauti ya mtu, nzito, ya mbali, kama anayesemea ndani ya blanketi.

"Huyo ni nani?" anauliza Rhona.

"Ni babako," anasema Netta. Hakujua kwamba yumo. Dod alikuwa ametaja jina la wimbo kabla ya kuurekodi, kama walivyofanya wengi, ili wajue wamefika wapi kwenye utepe.

Kisha kelele za wimbo ukipakiwa kwenye kompyuta: mlio mrefu, halafu mkwaruzo kama shakwe wanaogombea chipsi, na mistari ya rangi ikikimbia pembeni mwa kioo cha televisheni. Halafu kimya. Kwenye kioo, mstari mmoja wa maandishi: kaseti haisomeki.

Wanarudisha nyuma, wanajaribu tena. Haisomeki. Unga wa kahawia umejaa kwenye kifuniko.

"Basi, mama," anasema Rhona polepole. "Angalau nimemsikia."

"Hujamsikia. Yule anaongea kama ana soksi mdomoni. Babako hakuwa anaongea hivyo."

Netta amekitazama kinasa. Kizuri, kisafi, kimenyooka. Anajishika mdomo.

"Senga. Nimekinyoosha."

"Umenyoosha nini?"

"Kichwa. Kilikuwa kimepinda. Nimekinyoosha."

Senga anafumba macho. "Netta Gourlay, we mwanamke! Kilikuwa kimepinda wakati anarekodi?"

"Miaka yote. Alikiangusha kwenye basi."

"Basi na utepe umeandikwa kwa upande. Umechukua kitu kilichopinda, ukakitengeneza mpaka hakifai! Sisi na ufundi wetu wa kiwandani."

"Kwa hiyo?" anauliza Rhona.

"Kwa hiyo tukipinde tena," anasema mama yake. "Ila sijui kilipinda kiasi gani."

Hakuna kipimo cha hilo. Kuna sikio tu, na utepe uliobakiza mzunguko mmoja. Netta anapiga magoti. Anaingiza bisibisi kwenye kitundu kidogo juu ya kichwa kile, anabonyeza, na sauti ya Dod inaanza, nzito, ndani ya blanketi. Anazungusha skrubu kidogo. Nzito zaidi. Anarudisha, anapita alipokuwa, anaendelea. Na hapo sauti inaanza kuja. Inakaribia kama mtu anayepanda ngazi, inavuka mlango, "s" zake zinakuwa kali, pumzi inasikika, na Dod yumo chumbani.

"...wa Rhona huu. Netta, usiguse sauti, ipo sawa."

"Sijagusa!" anajibu Netta, kabla hajajua kwamba amejibu.

Mlio mrefu, mkwaruzo, mistari ya rangi. Inachukua muda wake. Kisha kioo kinageuka bluu, ukuta wa sebule unageuka bluu, na wimbo unaanza, tiii-ti-tii, mdogo, wa pole, hauko popote karibu na ule wa biskuti.

Rhona amelaza shavu kwenye goti, macho ameyafumba. Senga amegeukia dirishani anaitazama mvua.

Kinasa sasa kinakaa kabatini, na juu ya skrubu yake kuna tone la rangi nyekundu ya kucha, lililokaushwa palepale, isisogee tena. Wimbo wameshaunakili kutoka kwenye mashine yenyewe. Netta amekwisha kuwaambia watu wa kanisa kwamba baada ya harusi ataleta meza ukumbini Jumamosi, na mwenye kaseti ya marehemu wake aje nayo, na kinasa chake, hata kiwe kimepinda vipi. "Hasa kama kimepinda," anasema.

Kuhusu mwezi wa sita, Rhona alipendekeza wimbo upigwe kwenye simu, rahisi tu, bonyeza mara moja. Mama yake amekataa. Wameupeleka wimbo kwenye kaseti mpya kwa kinasa kilekile, na mashine itabebwa mpaka ukumbini, na televisheni yake, na itaupakia wimbo mbele ya wageni wote, na kelele zake zote, mpaka imalize.

"Lakini mama, watu watakuwa wamesimama."

"Watasubiri," anasema Netta, akivaa koti lake la njano, kwa maana watoto wanakaribia kutoka shule. "Sisi enzi zile tulikuwa tunasubiri."