Saa ya Ghalani

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, na usione haya kuhesabu kwa vidole. Mimi haya ilinipata kwa kutohesabu kabisa.

Enzi ya Wajerumani, muda mfupi kabla ya Maji Maji, nilikuwa kibarua katika shamba la pamba karibu na Ifakara. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande, kadi iliyotiwa alama kwa kila siku iliyotimia. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeoa, na bado nikiishi ukweni. Baba mkwe alitaka aone kipande kimejaa, ndipo aniruhusu kujenga kwangu. Ilibaki alama moja.

Siku ya kuipata alama hiyo wenzangu, baba mkwe akiwamo, walibaki shambani, ambako kazi ilianza na kuisha kwa kengele. Mimi nilipelekwa ghalani kufunga marobota. Asubuhi kengele ilipolia, karani, kijana wa pwani, aliandika moja. Jioni akatazama saa ya Mjerumani ukutani, akaandika nne. Akatoa moja katika nne.

"Saa tatu," akasema. "Hiyo si siku, bwana."

Akanirudishia kipande bila alama, nami nikakubali. Mgongo wote uliniuma, lakini nilidhani karani anajua kuliko mgongo wangu.

Kwetu baba mkwe na mume wa binti yake hawajibizani. Kwa hiyo usiku ule, baada ya kusikia habari ya zile saa tatu, alisema na binti yake, kwa sauti ya kunifikia.

"Muulize mumeo, saa zilizobaki alilalia marobota? Maana pamba ni laini."

Mama mkwe akacheka huko jikoni. Nikausogeza wali kando.

Mke wangu aliponiletea maji ya kunawa, akauliza polepole, "Nilipokuletea chakula, ilikuwa saa ngapi?"

"Saa sita. Kengele ya mchana ilikuwa imelia."

"Na ulianza saa moja. Hapo tayari ni tano. Hizo tatu zinatoka wapi?"

Kulipokucha tulimwendea karani. Kengele ya saa moja ilikuwa ndiyo kwanza imelia, lakini mshale wa saa ya ukutani ulikuwa kwenye saba. Aliutazama, kisha akaitazama ile moja aliyoiandika jana. Kwao pwani saa huwekwa kwa kufuata machweo. Ile ya Mjerumani ilihesabu tangu usiku wa manane, kisha upya tangu adhuhuri. Nne yake ilikuwa kumi yetu; tangu saa moja nilikuwa nimefanya kazi saa tisa, siku kamili. Akatia alama.

"Niwie radhi, ndugu yangu," akasema.

Baba mkwe alipoonyeshwa kipande alikigeuzageuza, kisha akamwambia binti yake, "Mwambie aanze kukata miti ya nyumba."

Nilikwenda kukata, lakini sikuinua macho mbele yake kwa siku nyingi. Aliyenitetea ni mke wangu, aliyefika ghalani mara moja tu, kuniletea chakula. Mimi niliyekuwapo kutwa nzima nilikubali kuwa sikuwapo.

Basi ukihesabu muda wa kazi, soma kuanza na kumaliza kwenye saa ile ile. Hesabu kutoka mwanzo hadi saa sita mchana, kisha kutoka saa sita hadi mwisho, halafu ujumlishe.